Nafasi Moja ya Jenetiki

Siku ya kujiandikisha masomo, korido ya idara ya biolojia hugeuka soko. Watu walikuwa wamebanana kuanzia mlango wa choo hadi kwenye kidirisha cha karani, kila mmoja na karatasi zake kifuani, na jasho lao lilikuwa limechanganyika na harufu ya dawa ya kuhifadhia vyura iliyokuwa ikivuja kutoka maabara. Ukutani, juu ya vichwa vyao, palibandikwa chati ya masomo ya lazima, mishale imetoka somo hadi somo kama chati ya ukoo: kemia ya mwanzo imezaa kemia ya kaboni, kemia ya kaboni imezaa biokemia, biolojia ya seli imezaa jenetiki, na takwimu imekaa pembeni kama mjomba asiyependwa na mtu. Asiyemaliza ukoo mzima hapati shahada. Chini ya chati palikuwa na tangazo jipya la herufi nyekundu. Mtaala huo ulikuwa unafika mwisho mwaka ule, na atakayebakiza hata somo moja angehamishiwa mtaala mpya, wenye fizikia, hisabati na mafunzo ya uwandani, akae chuoni miaka mingine miwili.

Mbele kabisa ya foleni alisimama kijana mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi kwa ustadi hadi likawaaibisha wote waliosimama karibu naye. Wenzake walimwita Mstaafu, kwa sababu alikuwa amekaa idarani hapo muda mrefu kiasi kwamba, walisema, kilichobaki ni kumlipa kiinua mgongo. Hakuwa mjinga. Mara mbili alikuwa ameacha masomo kwenda kumuuguza baba yake, na mara ya pili alimzika. Sasa katika ukoo ule wote ukutani alikuwa amebakiza jenetiki peke yake.

"Jenetiki imebaki nafasi moja," karani alisema bila kuinua kichwa. Hadubini zilikuwa chache, na pasipo na hadubini hapana nafasi. "Una bahati leo, Mstaafu. Lete kitambulisho."

Mkono wake ulikuwa umeshaingia mfukoni aliposikia sauti nyuma yake.

"Dada, tafadhali, usiseme imebaki moja."

Msichana alikuwa ameipenya foleni yote, akiacha manung'uniko nyuma yake. Alikuwa mwembamba, amevaa gauni la kijani lenye kola nyeupe lililomkaa mwilini kana kwamba lilimea hapo hapo, na mkononi alishika kiatu kimoja kilichokatika mkanda. Alikuwa amekuja mbio.

"Panga foleni kama wenzako," mtu mmoja akamwambia. "Ukikosa si utaingia huo mtaala mpya? Miaka miwili siyo mingi."

"Baada ya miaka miwili mama yangu atakuwa kipofu," msichana akasema. Hakupaza sauti. "Ni fundi cherehani. Daktari wa macho amesema mwaka huu ndio wake wa mwisho kuona. Anachotaka ni kuniona na joho, basi. Tangu nizaliwe hajaniomba kitu kingine."

Wapo watu ambao wakisikia maneno kama hayo huangalia viatu vyao mpaka yapite. Mstaafu hakuwa mmoja wao, na huo ndio ulikuwa ugonjwa wake.

"Mpe yeye," akasema.

Karani akainua kichwa. "Na wewe je?"

"Mimi jenetiki nilishasoma."

Haukuwa uongo. Alikuwa ameisoma muhula mzima, akahesabu nzi wa maabara mpaka macho yakamuuma, na siku ya mtihani alikuwa makaburini na koleo mkononi. Karani alilijua hilo vizuri. Alimkazia macho, naye Mstaafu akainama kwenye kidirisha akanong'ona, "Si mnasema kutakuwa na kundi la pili la jenetiki?"

"Tunasema," karani akajibu. "Kusema na kuwa ni vitu viwili."

Alipotoka nje alimkuta msichana ameketi kwenye ngazi, anashona mkanda wa kiatu kwa sindano na uzi alivyovitoa kwenye mkoba.

"Unatembea na sindano?"

"Mtoto wa fundi hatembei mikono mitupu." Akakata uzi kwa meno, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Ahsante, kaka. Sijui nikulipe nini. Wanakuitaje?"

"Mstaafu."

"Umestaafu nini?"

"Bado. Ndilo tatizo."

Akacheka mpaka kiatu kikamdondoka. Kuanzia siku hiyo Mstaafu akamwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake, na ukweli ni kwamba kijana wa watu alikuwa ameshakwisha kabla hata hajapewa namba ya simu.

Mstaafu aliishi kwa shangazi yake, mwenye duka la dobi kwenye mtaa wa nyuma ya stesheni. Jioni alipiga pasi mashati na mashuka, simu ameibana kati ya sikio na bega, na mvuke ukimlowesha uso.

"Babu, umekula?" Sindano angeuliza.

"Nimekula. Wewe je?"

"Mimi nimewalisha nzi wangu kwanza. Wana macho mekundu kama walevi."

"Usiwasimange. Ndio watakaokuvisha joho."

"Watatuvisha. Wewe si unangoja mahafali tu? Tutavaa siku moja, tusimame pamoja, mama atuone wote kwa jicho moja. Au unaona aibu kusimama na mimi?"

"Aibu nione mimi? Wewe ndiye utakayeulizwa yule mzee uliyesimama naye ni nani."

"Nitasema ni babu yangu, amenisindikiza."

"Mungu akipenda," Mstaafu angesema, na pasi ingesimama kidogo juu ya kola ya mtu.

Tusimpambe sana. Ni kweli alimpisha kwa huruma. Lakini baadaye, Sindano alipoamini kwamba jenetiki ameshaifaulu, alinyamaza pia kwa sababu alipenda vile alivyotazamwa na Sindano, kama mtu aliyekwishavuka. Hakuna aliyewahi kumtazama hivyo idarani pale. Kila wiki alikwenda kwa karani kuulizia kundi la pili, na kila wiki akarudi na tumaini dogo kuliko la wiki iliyopita, mpaka siku karani alipomvuta pembeni kabisa.

"Hakuna kundi la pili. Mhadhiri hajapatikana, na Mkuu wa idara amefunga mlango. Mwambie msichana wako ukweli, Mstaafu. Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Nikimwambia atairudisha nafasi."

"Huenda."

"Basi simwambii."

Alirudi nyumbani kwa miguu. Aliingia uani nyuma ya duka, akasimama katikati ya mashuka mabichi yaliyoanikwa, akalia. Alilia kwa ajili ya baba yake, aliyekuwa akimuuliza kitandani kila asubuhi, "Lini, mwanangu?" Alilia kwa ajili ya miaka iliyopita na miwili mingine iliyokuwa ikimngoja. Shangazi alimwona kupitia dirishani, akageuka akaongeza sauti ya redio ili kijana apate nafasi yake.

Kisha ikaja ile simu ya alfajiri.

"Mstaafu, mpenzi, amka. Mama ameamka jicho la kushoto halioni kabisa. Tuko njiani tunakwenda hospitali ya macho." Sindano alikuwa akisema haraka haraka. "Na nzi wangu wa jaribio wanatoka vifukoni leo."

Mstaafu alishaketi kitandani. "Poleni sana. Niambie nifanye nini."

"Majike watakaotoka asubuhi hii lazima watengwe kabla madume hawajawapanda. Ukichelewa wameshaolewa, na kazi yangu yote imekufa. Kisha wahamishiwe chupa mpya na madume. Utaweza?"

"Hata hilo la kuniuliza? Nimezeeka na nzi hao mimi. Tulia na mama."

"Nakupenda," akasema Sindano. Hakuwahi kulisema kabla ya hapo. Simu ikakatika.

Mstaafu alifika maabara kabla wafagiaji hawajamaliza korido. Aliwalaza nzi kwa tone la etha, akawamwaga juu ya karatasi nyeupe, akawatenga kwa ncha ya brashi, majike huku, madume kule, kwa mkono mwepesi wa mtu anayeijua kazi. Majike walikuwa wazuri, wa kizazi cha kwanza, macho mekundu, mabawa bado hayajakunjuka vizuri. Aliwatia kwenye chupa mpya yenye uji wa chachu, akawatilia na madume. Madume aliowachukua ni wa chupa ile ile, yaani kaka zao, kwa maana enzi zake ndivyo jaribio lilivyofanywa.

Zoezi lilikuwa limebadilishwa. Siku hizi majike wale walitakiwa waozwe kwa madume wa macho ya kahawia, waliokuwa wakingoja kwenye chupa nyingine, rafu ya chini, nusu mita kutoka kwenye goti lake. Waume wakiwa hao, watoto hutoka nusu kwa nusu, wekundu sawa na wa kahawia, na hayo ndiyo majibu aliyoyataka mhadhiri. Wakiozwa kwa kaka zao, wekundu hutoka watatu kwa kila mmoja wa kahawia. Lau Mstaafu angejiuliza kwa nini majike walihitajiwa wakiwa hawajaguswa, kama mwishowe ni kupewa kaka zao, angelijua kosa lake pale pale. Kuuliza si ujinga, lakini nani huuliza kitu anachokijua? Isitoshe, kichwa chake asubuhi ile kilikuwa kimejaa neno moja tu alilolisikia kwenye simu. Alifuta meza, akaondoka akipiga mluzi.

Siku ya kuhesabu watoto wa nzi alimpelekea mkate na chai kwenye chupa. Sindano alikuwa ameinama kwenye hadubini, nywele amezifunga nyuma, koti la maabara limempwaya mabegani. Alikuwa akihesabu kwa sauti ya chini. "Mwekundu. Mwekundu. Mwekundu. Kahawia. Mwekundu." Akainua uso.

"Uliwaweka na madume gani?"

"Madume wao. Wa chupa ile ile."

"Kaka zao?"

"Ndivyo inavyofanywa."

"Ndivyo ilivyokuwa inafanywa." Akaiweka brashi mezani polepole. "Madume wa kahawia walikuwa hapo chini, Mstaafu. Mhadhiri hapokei hesabu hii. Na bila jaribio siruhusiwi kuingia mtihani. Siruhusiwi, unasikia? Mwanzo hadi mwisho, nimeanguka."

"Tunaweza kuanza upya. Muda wa kizazi kimoja bado upo."

"Kizazi kimoja hakitoshi. Sina majike. Mpaka niwazalishe wengine, ndipo niwaoze tena, ni vizazi viwili." Akaanza kucheka kicheko kibaya. "Mama sasa ananitambua kwa kugeuza shingo upande mmoja kama kuku. Kila jioni ananiuliza joho lina mikunjo mingapi mgongoni, anataka aipige picha akilini. Nitamwambia nini? Kwamba mpenzi wangu alinisaidia?"

"Sindano, nisamehe."

"Wewe umezoea kubaki," akasema. "Kila mwaka wenzako wanaondoka, wewe upo. Umekuwa kama kabati la idara. Mimi sijazoea, na mama hana mwaka mwingine wa kuzoea. Naomba utoke."

Jibu lilikuwepo. Lilikuwa limemkaa kooni, fupi, la maneno machache tu, na lingemnyamazisha Sindano papo hapo. Mstaafu alilimeza. Aliiacha chai mezani, akatoka, na kwenye korido hakuona watu waliokuwa wakimsalimia.

Alimpigia jioni, simu haikupokelewa. Alimpigia asubuhi, akakuta amefungiwa kabisa. Shangazi alimkuta kwenye meza ya pasi, pasi ni ya baridi, anainyoosha suruali moja muda mrefu.

"Umemkosea?" shangazi akauliza.

"Nimemwua, shangazi."

"Watu wanaouawa huwa hawafungi simu. Maji yamemwagika, hayazoleki. Lakini kisima si bado kipo?"

Akalifikiria neno hilo, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile kichwa kikafanya kazi. Waume walikuwepo. Mle mle kwenye chupa aliyoiharibu, kila mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa na macho ya kahawia. Waliokosekana ni wake, majike wa kizazi cha kwanza, tena wasioguswa. Mtu aliyekuwa nao ni mtu aliyeanza jaribio kama hilo kwa kuchelewa.

Alivaa koti, akaanza kuzunguka mji. Wenzake wote waliomwacha nyuma walikuwa wamesambaa kwenye maabara za vyuo vingine, na kila mahali alipofika alipewa kiti cha wageni na kuulizwa, kwa upole uliouma kuliko matusi, "Mstaafu, bado upo kule?" Bado nipo, alijibu, na kuomba nzi. Chuo cha kwanza walikuwa wamemaliza. Cha pili walikuwa wamechemsha chupa zote kwa sababu ya utitiri. Mvua ilinyesha, soli ya kiatu ikafunguka, na alipokuwa akivuka barabara alijikuta anaomba kwa sauti, mtu mzima, anamwomba Mungu majike wa nzi. Chuo cha mwisho, ukingoni kabisa mwa mji, alimkuta mwenzake wa zamani ambaye sasa ni msaidizi wa mhadhiri. Chupa ilikuwepo. Nzi walikuwa bado ndani ya vifuko vyao, weusi weusi, karibu kutoka. Aliitia chupa ndani ya shati, kwenye ngozi ya tumbo, isipate baridi, akarudi nayo hivyo hivyo mji mzima.

"Mpe Sindano," alimwambia karani. "Mwambie majike watatoka keshokutwa asubuhi. Waume wa kahawia wapo kwenye ile chupa iliyoharibika. Ataelewa."

"Nimwambie imeletwa na nani?"

"Usimwambie."

Karani akaipokea ile chupa kwa mikono miwili. "Wewe ni mtu wa ajabu, Mstaafu. Na usidhani nakusifu."

Majuma yakapita bila simu. Mstaafu hakujua kama majike walitoka, kama waliwahiwa, kama jicho la kulia la mama bado linaona. Alipita nje ya maabara mara kadhaa, akaona taa inawaka, hakuthubutu kuingia. Mitihani ikaja, ikaisha. Mahafali yalipokaribia, chuo kikaleta majoho yafuliwe na kunyooshwa, kama kila mwaka, na duka la shangazi likajaa vitambaa vyeusi kutoka ukuta hadi ukuta, kila joho na jina lake limebanwa kwa pini kolani. Siku moja kabla ya sherehe, Mstaafu alichomoa joho kutoka kwenye rundo, akasoma jina, akakaa chini. Lilikuwa la Sindano. Amefaulu. Alifurahi kwa moyo wote, na hapo hapo akaumia kwa moyo wote, kwa sababu moyo ni mmoja na hauna vyumba.

"Pasi hiyo unaiegemea kama unazika mtu," shangazi akamwambia akipita na kapu, akaingia nyuma ya pazia.

Mlango ukafunguka. Sindano alikuwa amevaa gauni la kijani, lile lile, lakini macho yake yalikuwa yamevimba. Hakusalimia.

"Nimetoka kwa karani. Nilikwenda kumshukuru kwa chupa aliyonipa. Akaniambia si yeye wa kushukuriwa. Akaniambia na mengine." Akashika ukingo wa meza. "Ile nafasi ilikuwa yako."

"Ilikuwa."

"Na umekaa na mimi muhula mzima, nakusimulia joho, nakusimulia tutasimama pamoja, na wewe unajua. Unaitikia tu, Mungu akipenda."

"Ningekuambia ungeirudisha."

"Huenda ningeirudisha. Huenda nisingeirudisha, nikajijua mimi ni mtu wa namna gani. Hiyo ilikuwa haki yangu. Umenifanya mwizi nikiwa nimelala, Mstaafu."

"Nilikupa kwa mapenzi."

"Ulinipa kabla hujanijua hata jina." Machozi yakaanza kumtoka, hakuyafuta. "Nami nikakuambia umezoea kubaki. Nikakuita kabati. Kwa nini hukunijibu? Ungenitukana. Ungesema nimebaki kwa ajili yako, mjinga wewe. Ungesema chochote."

"Sikutaka..."

"Hukutaka. Kila kitu hutaki. Hutaki nafasi, hutaki shukrani, hutaki hata kosa lako lisamehewe. Sasa mtu asiyetaka kitu mimi nitampendea wapi? Kesho navaa joho. Keshokutwa nasafiri kwenda kufundisha, shule imeshanipa nyumba. Nakuuliza leo, sirudii. Unataka nini? Wewe, kwa ajili yako."

Maneno yalikuwa mengi na njia ilikuwa haijazoea kupitwa.

"Nataka shahada yangu," Mstaafu akasema hatimaye. "Nimesoma kila somo lililoko ukutani pale. Baba amekufa ananiuliza lini. Niliitamani ile nafasi, Sindano. Niliitamani nikiwa naiachia. Kila uliponisimulia nzi wako nilikuonea wivu mpaka chakula kikanikwama. Nimechoka kusema mimi basi, mimi baadaye. Na nakutaka wewe. Nataka uende ukafundishe, na unipigie simu kila siku, na unisubiri hiyo miaka miwili, halafu uwe mke wangu. Sijui kama nastahili. Umeniuliza ninachotaka, ndicho hicho."

Alikuwa analia waziwazi, mikono imening'inia. Sindano alizunguka meza, akamshika uso kwa viganja vyote viwili, akamwangalia kwa muda mrefu. Alikuwa amefungua mdomo kujibu wakati harufu ilipowafikia.

"Mnaunguza nini huko?" shangazi akauliza kutoka nyuma ya pazia.

Pasi ilikuwa imelala juu ya joho. Mstaafu aliinyakua, lakini kitambaa kilikuja nayo, na kilipobanduka kiliacha alama ya pasi nzima nzima, katikati ya mgongo, ya kahawia pembeni na tundu katikati. Shangazi alitoka, akatazama, akashika kiuno.

"La nani hilo?"

"Langu," Sindano akasema.

"Hakuna jingine. Yote yana wenyewe." Shangazi akamgeukia mpwa wake, akaondoka.

Mstaafu alisimama na pasi mkononi. Nzi, na sasa joho. Kila kitu cha msichana huyu alichokigusa kiliharibika, na alijua, kwa hakika ya mtu aliyeona mwisho wake, kwamba jibu la Sindano lilikuwa limeungua pamoja na kile kitambaa. Sindano alilikunja joho, akalitia kwenye mfuko.

"Nitalivaa hili hili," akasema, akatoka bila kusema lingine.

Asubuhi ya mahafali Mstaafu alifanya jambo moja kabla ya yote. Alikwenda kujiandikisha mtaala mpya, fizikia, hisabati, uwandani, na jenetiki upya. Watoto waliokuwa kwenye foleni walimwamkia shikamoo wakidhani ni mhadhiri, naye akawaitikia. Kisha akaenda uwanjani, akasimama nyuma kabisa, mbali na viti vya wazazi. Sindano alipopanda jukwaani na kugeuka, kicheko kilipita kwenye viti kama upepo, maana tundu lilionekana hata kutoka pale aliposimama. Sindano alitembea shingo juu, hana habari nao.

Baadaye, watu walipochanganyika wakipigana picha, alimwona Sindano akija moja kwa moja kwake, amemshika mkono mama mmoja mfupi aliyevaa gauni la bluu lenye mishono ya kifundi. Mama alikuwa ameinamisha kichwa upande. Walisimama hatua chache mbele yake.

"Nimekuona," mama alikuwa akisema. "Nimeona kitu cheusi kinapanda ngazi, nikasema yule ni wangu. Nimeshiba, mwanangu." Akamkumbatia binti yake, na mikono yake ikaanza kupita mgongoni, taratibu, ikisoma mishono kama ilivyosoma nguo za watu maisha yake yote. Katikati ya mgongo vidole vikasimama. Vikazunguka ukingo wa tundu, vikapima, vikaingia ndani.

"Hii ni pasi," mama akasema. "Nani kakuunguzia joho?"

Mstaafu alitaka ardhi ipasuke. Sindano alimtazama juu ya bega la mama yake.

"Mkweo, mama."

Vidole vilikuwa bado ndani ya tundu. Kisha mama akageuza shingo, akaleta upande wa kulia mbele, akaanza kulitafuta umbo la mtu katika ule mwanga.

"Mlete karibu," akasema. "Karibu kabisa, upande huu, unaoona bado."